Mwaka wa Viriba vya Muhogo

Wiki iliyopita tulimzika Bi Mwasiti, na udongo haujakauka watu walishaanza kugawana sifa zake. Wanawake tulikuwa ndani ya ua wake pale Ng'ambo, Tabora, upande wa jikoni, wanaume wako nje chini ya turubai, na ukuta wa kati ni wa tofali za kuchoma zilizoachwa matundu, kwa hiyo kinachosemwa nje kinaingia ndani kama moshi. Nikamsikia Injinia Kaseko, bosi wetu wa zamani, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa miaka sita, akiwaeleza wageni jinsi "mimi na marehemu tulivyogundua" kwamba shina la tumbaku lazima lichemshwe na magadi kabla nyuzi zake hazijachanganywa na wanga wa muhogo. Mimi na marehemu! Nilikuwa nimebeba sinia la wali. Nililiweka chini taratibu, maana nilijiona kabisa nikilipeleka mahali pasipo pake. Sikutoka kumjibu. Msiba ni msiba. Lakini nilifika kidato cha nne, kalamu najua kuishika, na mwaka ule naukumbuka vizuri kuliko yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini, cheti kwenye bahasha ya kaki, na Tunu wa miezi minne mgongoni. Habari za wazazi wangu na za baba yake Tunu siziweki hapa; hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukoroga sufuria ile. Nilipanga chumba kimoja Ipuli, na kila asubuhi nilitembea mpaka Ng'ambo kwenye karakana ya Bi Mwasiti. Naiita karakana kwa heshima. Ilikuwa ua wenye vyumba vitatu: kimoja cha kukunia muhogo, kimoja cha kuanikia, na cha tatu Injinia alikuwa ameweka meza, kompyuta yake na mizani ndogo aliyoifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Mradi uliomleta ulitaka kutengeneza viriba vya kuoteshea miche, vile vifuko vyeusi vya nailoni unavyoviona kwenye kila kitalu, ila hivi viwe vya kuoza, uvipande ardhini pamoja na mche, vimalizike vyenyewe. Majirani walituita wapika nailoni. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliwahi kuniuliza, "Dada, huo uji wenu wa plastiki mnaula na nini?" Nikamwambia tunaula na sindano zake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Muhogo mbichi unamenywa, unakunwa, unakamuliwa kwa kitambaa, maji yake yanaachwa yatulie mpaka kinachobaki chini ni unga mweupe mzito: wanga. Wanga unapikwa na maji, siki kidogo na glisarini ya duka la dawa, unakorogwa mpaka weupe unapotea na uji unakuwa kama kioo. Unamwagwa juu ya vioo vya dirisha, unasambazwa na ubao, unaachwa ukauke kivulini. Siku ya tatu unaubandua, ni karatasi laini ya plastiki. Nilipoibandua ya kwanza nilijiona mchawi. Nilipoikunja ikapasuka kama chapati ya jana.

"Sasa ulitegemea nini?" Bi Mwasiti akasema. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono myepesi na maneno mazito. "Udongo wa kukandikia bila nyasi hausimami. Wewe hujawahi kukandika nyumba?"

"Nimekulia nyumba ya tofali, Bi Mwasiti."

"Ndiyo maana."

Nyasi za nyumba yetu zilikuwa nyuzi. Injinia alisema "nyuzi za selulosi" na aliitamka selulosi kama mtu anayetaja jina la mchumba. Miezi ya kwanza tulijaribu kila kitu. Maganda ya karanga yalitupa karatasi yenye madoa na nguvu ya biskuti. Magome ya miombo, yale wanayosokotea kamba na kutengenezea mizinga ya nyuki, yalitoa nyuzi nzuri ajabu, mpaka Bi Mwasiti alipouliza kama ni akili kuuchuna mti mkubwa ukafa ili tupate kifuko cha kuoteshea mti mdogo. Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Hapo ndipo tulipofika kwenye mashina ya tumbaku. Tabora hii, tumbaku ikishavunwa, mashina yanabaki shambani maelfu kwa maelfu, na mkulima anatakiwa ayang'oe na kuyachoma. Tukayachukua bure. Tuliyapasua, tukayachemsha kwenye pipa nusu pamoja na magadi siku nzima, tukayaosha mara tatu, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama pamba iliyolowa. Ukiichanganya ile pamba na uji wa wanga, ukakoroga bila kuacha madonge, ukakausha polepole, unapata karatasi ya rangi ya chai ya maziwa ambayo unaikunja, unaivuta, haipasuki. Tunaizungushia chupa, tunagundisha kwa uji uleule, tunaipaka nta ya nyuki ili maji yasiimalize kabla ya wakati. Kiriba tayari.

Sijui kama nitawahi tena kufurahi kama nilivyofurahi mwezi ule. Adhuhuri tulikula pamoja chumba cha kuanikia kwa sababu kilikuwa na kivuli, karatasi zimetundikwa juu yetu kama kanga, ugali wa muhogo uliobaki kukamuliwa na mlenda wa karanga, na siku ambazo Bi Mwasiti alikuwa na moyo safi tulipata matobolwa, viazi vitamu vile vilivyochemshwa vikakaushwa, tunavitafuna mpaka taya zinauma. Injinia alikula na sisi kwenye sahani moja. Nasema haya kwa sababu nina hasira naye lakini si mwongo: hakuwa mtu wa majivuno ya chakula. Alimbeba Tunu nilipokuwa natwanga, na Tunu alimkojolea shati mara mbili, akasema kitaalamu hayo ni maji na urea. Shida yake ilikuwa moja tu. Neno likitoka kwenye kompyuta lilikuwa neno. Likitoka shambani, lilikuwa hadithi.

Hata kuuza kwenyewe kulitufundisha jambo kuhusu maneno. Siku ya kwanza tulipopeleka sampuli sokoni, Injinia alisimama akatangaza, "Mama, kiriba hiki kinaoza!" Muuza miche akamrudishia mkononi. "Kitu kinaoza halafu unakuja kuniuzia? Kampe mwenye nyumba wako." Ikabidi niingilie, "Mama, kinageuka kuwa mbolea." Akakichukua. Kitu ni kilekile, mlango tofauti. Tulicheka njia nzima ya kurudi. Ningejua kuwa baada ya wiki chache mimi mwenyewe ningepita mlango mbaya, nisingecheka sana.

Wa kwanza kuagiza kwa wingi walikuwa wanawake wa Ipuli, kikundi cha miche ya nyanya na pilipili, mwenyekiti wao Mama Rehema. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, hana subira hata ya kumaliza salamu. Alitaka viriba mia tatu kabla mvua hazijakolea, kwa sababu miche yao ndiyo ingewalisha mwaka mzima. Walikuwa wameacha vibarua vyote, wameweka nguvu zote kwenye kitalu kimoja. Injinia alimwahidi Ijumaa ya wiki mbili mbele. Tukahesabu siku, tukaona kuchemsha, kuosha na kutwanga hakutatufikisha. Kuni nazo zilikuwa zimelowa. Ndipo Injinia akaja na wazo lake: tuache kuchemsha. Tuyaloweke mashina maji baridi, tuyaponde, tuchambue nyuzi zikiwa ndefu. Tukajaribu karatasi moja, na kusema kweli ilikuwa na nguvu kuliko zote. Alitundika jiwe la kusagia kwenye kipande kimoja, kikashika. Watu wakapiga makofi. Bi Mwasiti akapiga kigelegele kifupi.

Mimi nilirudi kwenye sufuria. Msimu mmoja kabla ya hapo nilifanya kibarua cha tumbaku Urambo, kwenye kitalu, na mama aliyetusimamia alikuwa na sheria zake. Umevuta sigara? Huingii kitaluni mpaka unawe kwa sabuni. Umeshika mashina ya mwaka jana? Huingii kabisa. "Shina halirudi kitaluni," alikuwa anasema, "ni mwiko." Ukimuuliza kwa nini, anakupa jembe. Na sisi tulikuwa tunataka kuyarudisha mashina kitaluni, mabichi, tumeyafunga kabisa kwenye mizizi ya nyanya, ambayo na tumbaku ni mtu na binamu yake.

Nilikuwa nakoroga uji. Nikasema, "Injinia, shina ambalo halijachemshwa haliendi kitaluni."

"Kwa nini?"

"Ni mwiko."

Aliniangalia, akaangalia mkono wangu. "Mwiko ninaoujua mimi, Mama Tunu, ni huo ulioushika. Koroga."

Ua mzima ulicheka. Bi Mwasiti alicheka. Fundi cherehani alicheka kule upande wa pili wa ukuta, na hata hakuwa amealikwa.

Nimelifikiria neno lile kwa miaka tisa. Kidato cha tatu, kirusi cha kwanza tulichochora daftarini kilikuwa cha tumbaku, kijiti kirefu chenye vidoti, na mwalimu alituambia kinaweza kukaa kwenye mabaki makavu kikisubiri. Nilikijua! Nilikijua kwa Kiingereza cha daftari, na nilikijua kwa Kiswahili cha shamba, na siku ile ulimi wangu ukachagua shamba. Yule mama wa Urambo hakuwa mjinga. Mwiko ndio ulikuwa mfuko wake wa kubebea elimu, kwa sababu vibarua hawasikilizi maelezo, wanaogopa mwiko. Lakini mbele ya mtu wa kompyuta neno hilo ni ushirikina, na likishatoka huwezi kulimeza. Kesho yake nilirudi na maneno mengine. "Injinia, si mwiko, ni ugonjwa. Ni kirusi. Kiko kwenye shina, magadi na moto ndivyo vilikuwa vinakiua bila sisi kujua. Nyanya zitapata batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani."

"Jana mwiko, leo kirusi," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho litakuwa jini?"

"Kesho litakuwa la Mama Rehema."

"Una ushahidi?"

Sikuwa nao. Basi nikautafuta. Nilichukua viriba kumi vya mashina yaliyochemshwa, vilivyobaki kwenye kazi ya zamani, na kumi vya kwanza vya mashina mabichi, mara vilipokauka, nikavibeba mpaka Ipuli. Nilivijaza udongo mmoja, nikahamishia miche ya nyanya ya mbegu moja, nikavipanga mbele ya mlango wangu kwa mistari miwili, vile vibichi nikavifunga uzi mwekundu. Kabla ya kutoka mstari mmoja kwenda mwingine nilinawa kwa sabuni kama daktari wa upasuaji. Asubuhi nilinyonyesha huku nikikagua majani. Siku ya kwanza, mazuri. Siku ya tatu, mazuri. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa, siku ya kukabidhi mzigo, na miche yote ishirini ilikuwa ya kijani, imesimama, inanicheka.

Hapo ndipo mtu anajijua. Nilitembea kutoka Ipuli nikiwa sina ushahidi wowote, ila neno la mwanamke wa Urambo na mchoro wa daftari. Kama nimekosea, nimeharibu kazi ya watu na nimejifukuzisha mwenyewe na mtoto mgongoni. Kama niko sawa nikanyamaza, kitalu kizima cha Ipuli kinakwisha, na mimi ninayepanga Ipuli nitapita kila asubuhi mbele ya wale wanawake nikiwapa shikamoo. Nilipofika, Injinia alikuwa amekwenda stesheni kupokea vifaa vilivyokuja na treni. Viriba mia tatu vimepangwa vizuri kwenye mikeka, vinang'aa nta. Nikawasha moto chini ya pipa nusu, nikajaza maji, nikaanza kuvitumbukiza kwa mikono miwili.

Bi Mwasiti alitoka chumba cha muhogo. "Unafanya nini?"

"Napika."

"Unapika nini, wewe mtoto?"

"Mzigo wa Ipuli."

Alisimama. Wanga ukisharudi kwenye maji ya moto haubishani. Viriba vililegea, vikafumuka, vikawa uji wa kahawia wenye nywele, na nta ikapanda juu, ua wote ukanukia asali. Kazi ya wiki mbili. Alinisogelea, nikadhani ananipiga. Kisha akasema, "Kuni hizo hazitoshi," akaingia jikoni kwake, akatoka na kuni kavu alizokuwa amejiwekea za kupikia.

Injinia aliporudi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alichota ule uji kwa kikombe, akauangalia, akauliza ni nani. Nikasema mimi. Akaniambia nichukue vitu vyangu, nisirudi. Bi Mwasiti alikuwa pale, amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono bado ina vumbi la kuni. Alileta kuni lakini hakusema kwamba amezileta. Ua ulikuwa wake lakini mshahara wetu sote ulitoka kwenye mradi, na alikuwa na wajukuu wanne. Naelewa. Nimemsamehe zamani, nimemwosha maiti kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kuelewa si kusahau, na mtu akisimama msibani kusema yeye na marehemu waligundua, basi na hili liandikwe.

Siku zilizofuata nilikula michembe, viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa, na chai kavu, nikakagua majani. Jumatatu, hakuna. Jumatano nikaona mche mmoja wa uzi mwekundu una jani lililofifia, nikajikaripia kwamba ni njaa yangu. Jumamosi hapakuwa na ubishi: jani la kijani hafifu na kijani kibichi, mabaka kama ramani, ncha zimesokotwa nyembamba kama utambi. Batobato. Nilisubiri wiki nyingine kwa makusudi, nione mwisho wake. Ilipotimia, miche saba kati ya kumi ya uzi mwekundu ilikuwa inaumwa. Mstari wa pili, kumi kwa kumi, safi. Nilikaa kizingitini nikacheka, halafu nikaona aibu kucheka mbele ya mimea migonjwa, halafu nikacheka tena.

Niliipanga miche yote ishirini kwenye mabeseni mawili, wagonjwa mbali na wazima, nikachukua bajaji. Nilipoingia uani nilimkuta Mama Rehema amefika kabla yangu, anamfokea Injinia habari ya viriba vyake, maana bila mikono yangu mzigo mpya ulikuwa haujaanza. Watu wote wakageuka waliponiona. Niliweka beseni la kwanza kwenye meza ya Injinia, juu ya karatasi zake, karibu na mizani yake.

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Marahaba. Hiyo nini?"

Nilimwambia Injinia, "Uliomba ushahidi. Vyenye uzi mwekundu ni shina bichi. Hivi vingine ni shina la magadi. Udongo mmoja, mbegu moja."

Alivaa miwani. Alishika jani, akaligeuza, akashika la pili, la tatu. Akafikia beseni la wazima, nikamkamata mkono. "Nawa kwanza." Akaenda kunawa. Nilimwona mgongo wake pale kwenye ndoo, alinawa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Yale ya magadi uliyachemsha kwa saa ngapi?"

"Siku nzima, kama tulivyokuwa tukifanya kabla hujapata haraka."

Mama Rehema alikuwa ameinama juu ya beseni la wagonjwa. Mtu wa nyanya hahitaji miwani. "Subirini," akasema. "Hii batobato. Hii ndiyo mlitaka kuniletea kitaluni kwangu?"

Injinia alinitazama, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima nikaona mtu mwenye kompyuta akimwogopa mtu mwenye mtoto mgongoni. Ningeweza kummaliza pale pale. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga wiki tatu.

"Ndiyo, ndiyo tuliyotaka kukuletea," nikasema. "Mzigo huo umeshapikwa, haupo. Wako unaanza upya leo, kwa magadi na moto. Utachelewa wiki mbili na mvua itakuwa imekupita kidogo. Lakini miche itakuwa mizima."

"Nani kasema itakuwa mizima?"

Injinia akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi."

Mama Rehema alinipima kuanzia ndala mpaka kilemba, akamwangalia Tunu aliyekuwa amelala mdomo wazi begani kwangu, akaangalia tena ule mstari wa miche kumi mizima. Kisha akakunja kanga yake kiunoni.

"Haya. Baada ya wiki mbili nakuja," akasema, "na nikifika nakuulizia wewe. Huyu sina neno naye."